Maswali ya Wasomaji: Hesabu, pasipoti na sekunde 24 kwenye kikapu cha mataifa

Tangu Angola ilipoifunga Mali 70-43 mjini Luanda Agosti 2025 na kutwaa AfroBasket, ubingwa wa kikapu wa mataifa ya Afrika, kwa mara ya 12, barua za kikapu zimeongezeka. Nyingi haziulizi nani anadanki vizuri. Zinauliza kwa nini fulani amepita na fulani amebaki. Tumechagua nane.

Timu zikilingana pointi kwenye kundi, nani anapita? Mashindano ya shule zetu timu tatu zililingana, tukaipitisha iliyokuwa na tofauti kubwa ya pointi za kufunga na kufungwa. Shule moja ikagoma. AfroBasket wanafanyaje?
*Mwalimu wa michezo, Morogoro*

Shule iliyogoma huenda ilikuwa na hoja, mwalimu. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa, FIBA, hazianzi na tofauti ya jumla. Hiyo inakuja mbali kabisa, hatua ya nne.

Kwanza pointi za msimamo. Anayeshinda anapata 2, anayefungwa anapata 1, asiyetokea anapata 0. Ile moja ya aliyefungwa ni ya kumtofautisha na aliyekacha. Dakika 15 zikipita baada ya muda uliopangwa na timu haijafikisha wachezaji watano walio tayari, inafungwa 20-0 na haipati hata hiyo moja.

Zikilingana timu mbili, kazi ni nyepesi: aliyemfunga mwenzake yuko juu. Shida huanza na tatu. Chukua kundi la kubuni la Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zinapita mbili. Kenya inaifunga Uganda 78-70. Uganda inaifunga Rwanda 66-61. Rwanda inaifunga Kenya 81-79. Wote watatu wanaifunga Burundi: Kenya kwa 10, Rwanda kwa 20, Uganda kwa 34. Kila mmoja ana pointi 5.

Sasa iondoe Burundi kwenye karatasi, ubaki na michezo ya hao watatu peke yao. Kila mmoja kashinda mmoja, kafungwa mmoja. Hapo bado hawajaachana. Hatua ya pili ni tofauti ya pointi ndani ya michezo hiyo tu. Kenya ina +8 na -2, jumla +6. Uganda ina -8 na +5, jumla -3. Rwanda ina -5 na +2, nayo -3. Kenya ni wa kwanza, imemalizika.

Waandaaji wengi hukosea hapa. Uganda na Rwanda zimebaki na -3 kila mmoja, na mtu anakimbilia kutazama nani alifunga pointi nyingi. Sivyo. Timu moja ikishapata nafasi yake, hesabu inaanza upya tangu mwanzo kwa zilizobaki. Zilizobaki ni mbili, na Uganda iliifunga Rwanda. Uganda ya pili, Rwanda inafunga mizigo.

Linganisha na njia mliyotumia. Kwa tofauti ya michezo yote Uganda ina +31, Rwanda +17, Kenya +16. Yaani aliye wa kwanza kwa kanuni angekuwa wa tatu kwenu, na nje. Zile 34 dhidi ya Burundi zingeamua kundi, na ndicho kanuni inachokwepa: timu isivune kwa mnyonge.

Kama hata tofauti ya ndani isingewatenganisha wote watatu, hatua ya tatu ni pointi walizofunga katika michezo ya wao kwa wao. Ikishindikana, ndipo tofauti ya michezo yote ya kundi, halafu pointi zote zilizofungwa kundini. Ziandikeni hatua hizi kwenye kanuni za mashindano kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa, na kila timu ipewe nakala.

Kwa mfano huohuo utaelewa kwa nini kocha wa taifa anayeongoza kwa pointi mbili, sekunde tano zimebaki, bado anawapigia kelele wachezaji wake wafunge. Rwanda ingeishinda Kenya kwa 3 badala ya 2, ingekuwa na -2 na kumaliza juu ya Uganda. Mtupo huru mmoja tu ulikuwa na uzito huo.

Je, timu inaweza kujifunga makusudi ili mchezo uende muda wa nyongeza, iongeze tofauti?
*Msomaji, Mwanza*

Haiwezi. Anayejifunga makusudi amefanya kosa, kikapu hakihesabiwi na mpira wanapewa wapinzani. Akijifunga kwa bahati mbaya ndipo zinahesabiwa pointi 2, na meza ya maofisa huziandika kwa nahodha wa wapinzani aliye uwanjani wakati huo. Kwa hiyo ukimwona nahodha ana pointi mbili ambazo humkumbuki akizifunga, usimlaumu mwandishi wa karatasi.

Mwanangu ana miaka 14, amezaliwa hapa Minneapolis. Mimi na baba yake ni Wakenya. Ana urefu na anacheza vizuri. Je, ataweza kuichezea Kenya akikua, na kuna haraka gani?
*Mama msomaji, Minnesota*

Haraka ipo, dada, na ni ya makaratasi kuliko mazoezi. Siku ya kuandika ukutani ni ile atakayotimiza miaka 16.

Kanuni inasema timu ya taifa ya wachezaji 12 inaruhusiwa mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Wengi hudhani hilo linawahusu wageni waliopewa uraia tu. Linamhusu pia mwenye haki ya uraia tangu kuzaliwa ambaye hakuidai mpaka umri huo ukapita. Mtoto wa Mkenya akichukua pasipoti ya kwanza ya Kenya akiwa na miaka 19, mbele ya FIBA anaweza kuhesabiwa kundi moja na Mmarekani asiye na bibi wala babu Kenya, na wakagombea kiti kimoja. Shirikisho la nchi linaweza kuomba aangaliwe upya kwa kuonyesha uhusiano wake na nchi, lakini hilo ni ombi, na majibu huweza kuja kikosi kikiwa kimeshafungwa.

Kwa Kenya njia iko wazi. Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtoto ambaye mama au baba yake ni raia, popote alipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Anza na cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi, mwombee pasipoti ya Kenya kupitia ubalozi au konseli sasa hivi, na hakikisha majina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana herufi kwa herufi na vya pasipoti ya Marekani. Kasoro ndogo kama jina la ukoo lililoandikwa kwa namna mbili huchelewesha faili. Pasipoti ya kwanza ikiisha muda usiitupe: tarehe iliyotolewa ndiyo ushahidi wake, si ile ya pasipoti mpya.

Tarehe ya pili ni miaka 17. Akiichezea Marekani katika mashindano rasmi ya FIBA baada ya kufikisha 17, amefunga mlango wa nchi nyingine, isipokuwa FIBA imruhusu kurudi nchi ya asili. Akicheza kabla ya hapo, mlango hauna kufuli.

Wazazi wa Kitanzania wametuuliza hilohilo. Kwao ni pagumu zaidi, maana sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao mpaka 18, kisha lazima achague. Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania si uraia, na kwa FIBA pasipoti ndiyo inayosema.

Kiti kile kimoja kikitumiwa vizuri kina thamani. Sudan Kusini ilimpa Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati. Julai 2024 mjini London, kwenye mchezo wa kirafiki, waliilazimisha Marekani ya LeBron James kusubiri sekunde za mwisho ili ishinde 101-100.

Sudan Kusini haikuvuka kundi lake Kombe la Dunia 2023, mbona ikaenda Olimpiki ya Paris? Kuna watu huku wanasema ilibebwa.
*Msomaji, Kampala*

Haikubebwa, ndugu yetu. Kombe la Dunia lile lilikuwa na mashindano mengine ndani yake. Mbali na kombe, ambalo Ujerumani ililichukua kwa kuifunga Serbia 83-77, nafasi 7 za Paris zilikuwa zikigawiwa humohumo kwa mabara: 2 za Amerika, 2 za Ulaya, na moja moja kwa Afrika, Asia na Oseania. Afrika ilikuwa na timu tano: Angola, Côte d'Ivoire, Misri, Cape Verde na Sudan Kusini. Hakuna hata moja iliyoingia hatua ya pili, kwa hiyo aliyemaliza juu ya wenzake kwenye orodha ya chini ndiye aliyekata tiketi.

Na orodha ya chini ina michezo yake. Timu mbili za mwisho za kila kundi hazirudi nyumbani. Zinaunganishwa kwenye makundi mapya ya nafasi ya 17 hadi 32, na matokeo ya mwanzo zinakwenda nayo. Sudan Kusini ilikuwa imefungwa na Puerto Rico 101-96 baada ya muda wa nyongeza, ikaishinda China 89-69, ikapigwa na Serbia 115-83. Kwenye michezo ambayo mashabiki wengi huiita ya kukamilisha ratiba, iliwafunga wenyeji Ufilipino 87-68 kisha Angola 101-78. Ushindi mara tatu, nafasi ya 17, Paris. Misri ilimaliza na ushindi mara mbili.

Kule Ufaransa, kabla ya mchezo wa kwanza, waandaaji waliwapigia wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wachezaji walisubiri, wimbo sahihi ukapigwa, wakaifunga Puerto Rico ileile 90-79.

Nimepewa kazi ya saa ya sekunde 24 kwenye ligi ya mkoa. Kila mchezo makocha wananifokea. Lini narudisha 24, lini 14, lini naiacha iendelee?
*Msomaji, Mombasa*

Wanaofokea pengine nao hawajui, maana hiki ndicho kiti kigumu kuliko vyote mezani. Saa hiyo ndiyo muda timu iliyonao wa kutupa mpira kikapuni. Shika jambo moja kwanza: mtupo peke yake haurudishi saa. Kinachorudisha ni mpira kugusa ringi, na hata hapo unafuta namba ubaoni na kungoja uone nani kaukamata.

Waliokuwa wanatetea wakiukamata, wanaanza na 24. Walewale washambuliaji wakiuokota tena, 14. Ukigonga ubao tu, au ukiwa hewa tupu, na washambuliaji wakaudaka, saa inaendelea ilipokuwa. Kosa la kawaida la mgeni ni kubonyeza mpira unapotoka mkononi mwa mpigaji, ukafikiri lazima utagusa. Usipogusa umewazawadia sekunde ambazo hawakustahili, na itabidi umwite refa kusahihisha.

Kosa la pili ni kubonyeza kila beki anapougusa mpira. Kugusa si kumiliki. Beki akiupangua ukatoka nje, washambuliaji wanarusha na zilezile zilizobaki. Zilikuwa 3, ni 3.

Faulo ya beki, au mpira uliopigwa teke makusudi, ndipo utazame mahali. Wakirusha kutoka nusu yao ya nyuma, weka 24. Wakirusha kutoka nusu ya mbele, angalia kilichobaki: kikiwa 14 au zaidi hugusi kitu, kikiwa 13 au chini unaweka 14. Mpira wa kugombaniwa ukibaki kwa timu ileile kwa mshale wa zamu, ule wa mezani unaoonyesha nani anapewa mpira safari hii, saa inaendelea.

King'ora kikilia mpira uko hewani, tulia. Ukigusa ringi, mchezo unaendelea kama hakuna kilicholia. Usipogusa ni kosa la sekunde 24, isipokuwa wapinzani wameudaka papohapo bila utata. Hapo refa huwaacha wakimbie nao.

Halafu kuna dakika mbili za mwisho za robo ya nne. Kocha ambaye timu yake inaanza nyuma akiomba mapumziko, anaweza kuchagua kurushia kutoka mbele, kwenye alama iliyo upande wa pili wa meza. Akichagua mbele na saa ilikuwa na 14 au zaidi, anapata 14, si 24. Ikiwa 13 au chini na mpira ulikuwa umetoka nje tu, anabaki nazo. Muulize refa kwa sauti, "mbele au nyuma?", kabla hujagusa kitufe. Nusu ya ugomvi wa meza unaishia hapo.

Kwenye NBA beki akigusa mpira ulio juu ya ringi ni kosa. AfroBasket nimeona beki anaufagia kabisa na refa kanyamaza. Vipi?
*Msomaji, Temeke*

Refa hakulala. Kwa kanuni za FIBA, mpira wa mtupo ukishagusa ringi ni halali kwa kila mtu, hata ukiwa unazunguka juu ya ukingo. Beki anaweza kuufagia, mshambuliaji anaweza kuusukumia ndani. Asichoruhusiwa mtu ni kupitisha mkono kutoka chini ndani ya kikapu, kuvuta ringi au nyavu, au kuugusa mpira ambao tayari umeingia kwenye kikapu. Kabla haujagusa ringi, kuugusa ukiwa unashuka ni kosa kama huko Marekani. Hata mtupo huru wa mwisho uko hivyo: ukigusa ringi, mchezaji akaugusa kihalali kisha ukaingia, unahesabiwa pointi 2.

Ndiyo maana wachezaji wa NBA wanaokuja timu za taifa huonekana kuzubaa chini ya kikapu michezo miwili ya kwanza. Mengine yanayowachanganya: mchezo ni dakika 40 na si 48, mtu anatolewa kwa faulo ya tano na si ya sita, mapumziko huombwa mezani na benchi, mchezaji akiashiria uwanjani hapewi. Na beki mrefu anaruhusiwa kukaa chini ya kikapu atakavyo, hakuna sekunde tatu za mtetezi, kanuni ya NBA inayomkataza kuganda hapo zaidi ya muda huo. Njia ya kupenya inaziba, ndiyo maana mataifa hutupa sana kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu.

Mbona timu ya taifa inayocheza mechi za kufuzu Februari inakuwa na sura tofauti na ile ya Agosti? Ni shirikisho kukosa mpango?
*Msomaji, Eldoret*

Mara nyingine ni hilo, lakini sababu kubwa ni kalenda. Kufuzu huchezwa kwa madirisha, yaani vipindi vifupi vilivyotengwa kwa timu za taifa. Ya Kombe la Dunia 2027 yalifunguliwa Novemba 2025, na yanakwenda mpaka mwanzoni mwa 2027. Novemba na Februari NBA na EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, ziko katikati ya msimu na haziachii wachezaji wao. Julai na Agosti ndipo wakubwa hupatikana. Kocha mwenye akili huwa na vikosi viwili vinavyocheza mfumo mmoja, kimoja kikiwa cha wachezaji wa ligi za nyumbani na za Afrika.

Afrika ina jambo lake zaidi. Badala ya nyumbani na ugenini, timu nne hukusanyika mji mmoja na kucheza michezo mitatu kwa siku chache. Anayetegemea watu saba anafika mchezo wa tatu miguu imekwisha. Kutoka kwenye makundi manne ya timu nne, tatu za juu zinasonga. Yanabaki makundi mawili ya timu sita, zinapita mbili kila kundi na mshindi wa tatu aliye bora. Jumla tano.

Dirisha la Februari laweza pia kumpa nafasi mdogo, kwa kuwa mkubwa naye kakosa watu. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya Morans waliifunga Angola 74-73 kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae, na kwa safari hiyo wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Kigali walikwenda na kocha Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye fainali hizo.

Kombe la Dunia 2027 tutaliangalia saa ngapi? Lile la Ufilipino lilitukuta kazini.
*Msomaji, Muscat*

Hili litakuwa jepesi. Linachezwa Doha, Qatar, 27 Agosti hadi 12 Septemba 2027, na timu zote 32 zitakuwa mji mmoja. Saa ya Doha ni sawa na ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nyinyi wa Muscat mko mbele kwa saa moja: mchezo wa saa mbili usiku wa Doha, kwenu ni saa tatu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi watauona saa moja jioni, Kinshasa saa kumi na mbili. Angalieni tu ratiba imeandikwa kwa saa za wapi, maana nyingi za mtandaoni hujigeuza zenyewe kufuata simu yako, na mtu anajikuta ameongeza saa mara mbili.